Binti ana miaka 12 na anataka tenisi ya kulipwa: tumtoe shule?

Swali: "Kocha, habari za kazi. Tunaishi Tabata. Binti yangu ana miaka 12, yuko darasa la sita, na amecheza tenisi tangu akiwa na miaka saba. Mwaka huu amewafunga wasichana wote wa rika lake hapa Dar. Mwalimu wake anasema ana kipaji cha kufika Wimbledon. Baba yake ameshashawishika: anataka akimaliza la saba tumtoe shule, asome nyumbani, acheze asubuhi na jioni. Mimi nasita. Maisha ya mchezaji wa kike wa kulipwa yakoje hasa, hela inaanza kuingia lini, na sisi tufanye nini?"

Jibu:

Mama, hongera kwa binti, na pole kwa kikao kinachokusubiri na baba yake. Nikupe jibu mapema ili ulishike unaposoma yaliyobaki: asitoke shule. Sababu zangu ni za kitenisi, kwa hiyo mpe na baba mtoto asome mwenyewe, asije akadhani nimetumwa na mwalimu wa hisabati.

Tuanze na hela, maana ndiyo inayowachanganya wazazi wengi. Droo kuu ya wanawake Wimbledon, yaani orodha ya wanaoshindania taji lenyewe, ina wachezaji 128. Kati yao 104 huingia moja kwa moja kwa nafasi zao kwenye viwango vya WTA, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanawake duniani, 16 hupita kwenye mchujo na 8 hualikwa na waandaaji. Mwaka 2025, aliyetolewa raundi ya kwanza tu pale aliondoka na pauni 66,000. US Open ya mwaka huohuo, aliyetoka raundi ya kwanza alipata dola 110,000 na bingwa dola milioni 5. Baba yeyote akisikia hivyo ataanza kupiga hesabu, na simlaumu. Lakini hao ni watu mia na kidogo duniani. Binti yako, akijaliwa, ataanzia kwingine kabisa, na huko ndiko wengi wanakoishia.

Kule chini kunaitwa W15. Ni mashindano ya Shirikisho la Tenisi la Kimataifa, ITF, na hiyo 15 ni dola 15,000. Usidhani anapewa bingwa. Fungu lote ni hilo, linagawanywa kwa wote, wanaocheza mmoja mmoja na wanaocheza wawili wawili. Anayetoka raundi ya kwanza ya droo kuu hafikishi dola 200, na nchi nyingi zinakata kodi hapohapo. Juu ya W15 kuna W35, W50, W75 na W100, kisha ndipo yanakuja mashindano ya WTA yenyewe, na kileleni Grand Slam nne: Australian Open, Roland Garros ya Ufaransa, Wimbledon na US Open.

Sasa angalia pointi, maana pointi ndizo zinazofungua mlango. Bingwa wa W15 anapata pointi 15. WTA inahesabu matokeo bora 18 ya mchezaji ndani ya wiki 52. Tuseme binti ameshinda W15 kumi na nane ndani ya mwaka mmoja, jambo ambalo halitokei: ana pointi 270. Kuingia tu kwenye mchujo wa Grand Slam, ule wa kupigania kuingia ndani, mara nyingi kunahitaji kama pointi mia tatu. Kwa hiyo hata ufalme wa W15 haukufikishi kwenye geti la Wimbledon. Lazima apande ngazi, na kila ngazi inataka uwe na nafasi nzuri ndipo ukubaliwe jina. Wachezaji wengine wanazunguka hapo miaka mitatu, minne, wakipata pointi huku na kuzipoteza kule, kwa sababu pointi ya mwaka jana inafutika wiki yake inaporudi.

Nikuonyeshe wiki moja ilivyo. Monastir, Tunisia, kuna W15 karibu kila wiki ya mwaka, na wasichana wengi wa Kiafrika wanaanzia hapo au Sharm el-Sheikh, Misri. Kutoka Dar, tiketi peke yake ni shilingi milioni mbili na ushee, na unaunganisha ndege mahali. Mchezaji asiye na nafasi anaanzia mchujo, ambao huchezwa kabla au mwanzoni mwa wiki. Anakaa hoteli iliyopangwa na mashindano, kwa hela yake. Asubuhi anatafuta mtu wa kupiga naye mipira, kwa sababu kocha amebaki nyumbani. Kumleta kungekuwa tiketi ya pili na chumba cha pili. Mara nyingi anayempata ndiye atakayecheza naye kesho. Anapeleka raketi kwa fundi wa kufunga nyuzi na analipia kila moja. Anaingia uwanjani, anafungwa 6-4 6-4 na msichana wa Urusi au Ufaransa ambaye hakuna aliyewahi kumsikia. Ikifika mchana wa siku hiyohiyo, mashindano yake yamekwisha na wiki bado mbichi. Ndiyo maana wenye akili hukaa hapo wiki tatu au nne mfululizo, ili tiketi moja izae mashindano kadhaa. Jioni unawakuta wanaanika nguo za kuchezea kwenye viti vya baraza, wanaongea na mama zao kwa WhatsApp, wanasubiri Jumatatu.

Hiyo ni kazi, tena kazi halali yenye raha yake kwa anayeipenda. Ila kipato hakipo. ITF ilipochunguza takwimu za mwaka 2013 ilikuta kwamba mwanamke alihitaji kuwa takriban wa 253 duniani ili zawadi zirudishe gharama zake tu. Na hapo mshahara wa kocha haukuhesabiwa. Zawadi zimepanda tangu wakati huo, na nauli na hoteli nazo zimepanda. Ukiniuliza hela inaanza kuingia lini, nitakujibu kwamba inaanza karibu na wa 200 duniani, na kabla ya hapo familia, shirikisho au mfadhili ndiye anayemlipa mtoto aendelee kucheza. Mashindano ya vijana hayana zawadi ya fedha kabisa, hata yale ya Grand Slam.

Mfano ninaoupenda kuwapa wazazi ni Ons Jabeur wa Tunisia, kwa sababu ni Mwafrika na kwa sababu alifanikiwa sana. Alizaliwa mwaka 1994, akakulia Sousse. Mwaka 2011, akiwa na miaka 16, akawa bingwa wa vijana wa Roland Garros. Mzazi wa Tabata angesema tayari, tumeshafika. Taji lake la kwanza la WTA alilipata Birmingham, Uingereza, mwezi Juni 2021. Hesabu mwenyewe: miaka kumi. Katika hiyo kumi alikaa muda mrefu kwenye mashindano madogo, akabadilisha makocha, akapata majeraha, na jina lake halikuwa kwenye mdomo wa mtu yeyote hadi alipofika robo fainali ya Australian Open 2020. Baada ya hapo mambo yakamiminika: Madrid 2022, taji la daraja la WTA 1000 (lililo chini tu ya Grand Slam) ambalo kabla yake hakuna Mwafrika wala Mwarabu aliyewahi kulibeba, nafasi ya pili duniani Juni ya mwaka huo, fainali ya Wimbledon 2022, fainali ya US Open 2022, tena fainali ya Wimbledon 2023. Zote tatu alipoteza, na bado ni mmoja wa wachezaji waliopendwa kuliko wote wa kizazi chake. Nani alimbeba ile miaka ya katikati? Familia, shirikisho lao, na mfuko wa maendeleo unaochangiwa na Grand Slam. Kipaji peke yake kisingenunua tiketi.

Baba yake atasema: ndiyo maana tunataka aanze mapema. Hapo nina habari mbaya kwake. Kanuni hazimruhusu. Chini ya miaka 14 mtoto haruhusiwi kucheza mashindano ya kulipwa hata moja. Akiwa na 14 anaruhusiwa manane kwa mwaka, akiwa na 15 ni kumi, 16 ni kumi na mbili, 17 ni kumi na sita, na anaweza kuongezewa kidogo akifanya vizuri sana. Uhuru kamili unakuja akifikisha 18. Kanuni hiyo ilikazwa miaka ya 1990 baada ya dunia kumwona Jennifer Capriati wa Marekani, aliyeanza kucheza kulipwa Machi 1990 kabla hajatimiza 14, akafika fainali ya mashindano yake ya kwanza, akabeba dhahabu ya Olimpiki Barcelona 1992, kisha akiwa bado kinda akachoka na kuondoka uwanjani. Alirudi, na alishinda Australian Open 2001 na 2002 na Roland Garros 2001, lakini waliotunga kanuni hawakutaka watoto wengine wapitie njia ile. Kwa hiyo mkimtoa shule akiwa na 13, mtamtoa kwenda wapi? Mashindano yenyewe hayampokei.

Na kuna jambo la pili, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Kwa msichana wa Afrika Mashariki, shule ndiyo njia ya tenisi. Vyuo vikuu vya Marekani vina timu za tenisi za wanawake, na mchezaji mzuri anapata ufadhili: ada, chumba, chakula, kocha, ukumbi wa mazoezi ya viungo, daktari wa michezo, safari za mechi, na wapinzani wakali wiki baada ya wiki. Ni miaka minne ya mambo ambayo nyinyi na mimi hatuwezi kuyalipia hata tukiuza kiwanja. Mayar Sherif wa Misri alipita Chuo Kikuu cha Pepperdine, California, kisha mwaka 2022 akashinda mashindano ya Parma, Italia, na kuwa Mmisri wa kwanza mwanamke kubeba taji la WTA. Danielle Collins, Mmarekani, alicheza Chuo Kikuu cha Virginia, akawa bingwa wa vyuo mara mbili, na mwaka 2022 alikuwa fainali ya Australian Open.

Wa jirani yetu kabisa ni Angella Okutoyi wa Nairobi. Alizaliwa 2004, yeye na pacha wake wakalelewa na bibi yao. Januari 2022 alikuwa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya Grand Slam ya vijana, Australia. Julai mwaka huohuo akabeba ubingwa wa Wimbledon wa vijana wa wawili wawili, akiwa na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Kama kuna mtoto wa ukanda huu ambaye angeshauriwa aache masomo acheze tu, ni huyo. Akaenda Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama. Na akiwa mwanafunzi akaja Accra, Ghana, mwaka 2024 na kuchukua dhahabu ya Michezo ya Afrika. Mwonyeshe baba mtoto hiyo habari kabla ya hii yangu.

Vyuo hivyo vinataka cheti. Kiingereza, hisabati na sayansi vinahesabiwa, na kanuni iliyozoeleka ni kwamba mchezaji wa tenisi akimaliza sekondari ana kama miezi sita tu ya kujiunga, vinginevyo anaanza kupoteza misimu yake ya kucheza. Mtoto aliyesomea nyumbani kwa ovyo ovyo anafika 18 akiwa na fohendi kali, lile pigo la mkono wa mbele, na bila karatasi. Kanuni za zawadi za fedha kwa wanaotaka kuingia chuo zimekuwa zikibadilika, kwa hiyo siku akishinda hata dola 50, ulizeni kwanza kabla hajazipokea. Masharti ya viza ya Marekani kwa Watanzania nayo yanakwenda na siasa. Bado kuna miaka sita, lakini yafuatilieni.

Sasa turudi hapa Dar, maana sijakwambia kama mtoto ana kipaji au hana. Sijamwona. Kuwafunga wasichana wote wa rika lake mjini ni jambo zuri, ila tuwe wakweli, wako wangapi? Droo ya wasichana wadogo hapa mara nyingi inatosha karatasi moja na nafasi zinabaki. Kipimo changu ni tofauti. Nataka kumwona akicheza na wavulana wanaomzidi mwaka mmoja au miwili, na nataka kumwona Nairobi.

Kwa nini Nairobi? Kwanza kuna wasichana wengi zaidi, na miaka ya karibuni kumekuwa na mashindano ya wanawake ya ITF ambayo anaweza kukaa jukwaani akaona kwa macho mchezaji wa kulipwa ni mtu wa namna gani. Pili, uwanja wenyewe utamsema. Dar tuko usawa wa bahari, hewa nzito, mpira unatulia. Nairobi iko kama mita 1,700 juu, mpira unaruka, na watoto wetu wakifika siku ya kwanza wanapiga nje ya mstari wa nyuma mpaka wanatia huruma. Anayeshika adabu ya mpira ule ndani ya siku mbili, huyo ana kitu.

Kuna jambo jingine la hapa kwetu ambalo wazazi hawalioni. Mipira. Kwenye Grand Slam mipira inabadilishwa baada ya gemu saba za kwanza, kisha kila baada ya gemu tisa. Sisi tunacheza na mpira mpaka upara umetokea, halafu tunaendelea nao mwezi mzima. Mpira uliokufa haudundi, unakufika polepole, mtoto anapata muda mwingi wa kuvuta raketi nyuma kwa mbwembwe. Siku ya mashindano kopo jipya linafunguliwa na kila kitu kinamkuta amechelewa. Mwalimu anasema mtoto ameogopa. Hajaogopa, amezoea mpira mwingine. Mkiwa na laki mbili za ziada kwa mwezi, nunueni makopo mapya na mwalimu ayatumie angalau siku moja kwa wiki. Raketi ya bei mbaya anayoiona kwa wenzake ingoje; kwa umri wake nyuzi zinazofungwa upya mara kwa mara zina faida kuliko jina lililoandikwa kwenye fremu.

Kuhusu saa za mazoezi: asubuhi saa kumi na mbili hadi saa mbili siku za mapumziko, na jioni kuanzia saa kumi siku za shule, siku nne au tano kwa wiki, zinamtosha kabisa. Joto la Desemba hadi Machi hapa si la mchezo, na masika yakianza mtapoteza siku nyingi hata hivyo. Mwili wake unarefuka sasa hivi. Kuanzisha mpira mara mia mbili kwa siku katika umri huu ndiyo njia ya mkato ya kuvunja mgongo wa chini, na jeraha la uti wa mgongo kwa binti wa miaka 13 linaweza kumweka nje miezi. Akilalamika mgongo, asiambiwe ajikaze. Apelekwe akapigwe picha. Na hedhi ikianza, mwalimu mwanaume awe mtu ambaye binti anaweza kumwambia leo sijisikii bila kuona aibu. Asiposafiri na wewe, asafiri na mwanamke mtu mzima mnayemfahamu. Hapo sina mjadala.

Kuna upande wa kazi hii ambao mabinti hawaambiwi. Mechi ndogo kabisa za wanawake huko Monastir zipo kwenye programu za kubeti, na vijana wetu wa vijiweni wanaziwekea hela bila kumjua hata mmoja wa wachezaji. Mkeka ukichanika, mchezaji anatukanwa kwenye simu yake. Ripoti ya WTA na ITF ya mwaka 2024 ilisema asilimia 40 ya matusi waliyoyakuta yalitoka kwa wacheza kamari waliopoteza. Wapo pia wanaomfuata mchezaji asiye na nauli wakampa hela apoteze seti moja. Adhabu ya kukubali inaweza kuwa kufungiwa maisha. Na dawa: akifika ngazi hiyo hanywi hata kidonge cha mafua bila kuuliza. Iga Świątek wa Poland, akiwa namba moja duniani, alifungiwa mwezi mmoja mwaka 2024 kwa kidonge cha usingizi kilichokuwa kimechafuka.

Ndoa na watoto hukuniuliza waziwazi, ila nimekuelewa. Siku hizi inawezekana. Kim Clijsters wa Ubelgiji alishinda US Open 2009 akiwa mama, na tangu 2025 WTA ina mfuko unaowalipa wachezaji wanaojifungua hadi miezi 12.

Mfanye hivi basi. Abaki shule, na sekondari muichague kwa jambo moja: kama mkuu wa shule atakubali kumpa ruhusa wiki chache kwa mwaka bila kumfukuza. Nendeni mkazungumze naye kabla ya kulipa ada. Mwaka huu na ujao acheze mashindano ya hapa na ya kanda ya Afrika Mashariki ya chini ya miaka 14. Akifikisha 13 anaweza kusajiliwa kwenye mashindano ya vijana ya ITF, kuanzia yale madogo ya J30, na hapo tutakuwa na namba za kuzungumza badala ya maneno ya mwalimu. Akiwa na 15, kama ana nafasi inayoeleweka kwenye viwango vya vijana na bado analia akikosa mazoezi, tukae tena, mje na baba yake, tuzungumzie W15 mbili au tatu za kujaribu. Kama hana, atakuwa bado mchezaji mzuri wa chuo, na vyuo havitafuti mabingwa wa dunia.

Majina ya wachezaji wa nchi yanapelekwa na Chama cha Tenisi Tanzania, kwa hiyo anzeni kujulikana pale sasa. Nendeni na cheti cha kuzaliwa na matokeo yake yote yaliyoandikwa, pamoja na aliyemfunga na kwa seti ngapi. Na pasipoti ya mtoto muiombe Uhamiaji mwezi huu. Kila mwaka naona mtoto anachaguliwa kwenda Nairobi, na hana pasipoti.